Ziwa la Malka

Sikuzaliwa mtoni mimi. Nilizaliwa Tarasaa, kwa watu wa shamba na kiduka cha kando ya barabara, na samaki niliyemjua utotoni ni yule aliyefika nyumbani amekwisha kubanikwa, mweusi na mkavu, mkia umekunjwa ukatiwa mdomoni. Nilipoolewa katika kijiji kimoja cha ukingoni mwa Tana, juu kidogo ya Garsen, ndipo nilipomwona kambare mzima kwa mara ya kwanza. Alikuwa akijinyonganyonga ndani ya beseni la mama mkwe wangu, akafumbua kinywa chake chenye ndevu kama mtu anayetaka kuniambia neno. Nilirudi nyuma nikakanyaga kuku.

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mjane, mwembamba, mtu wa maneno machache na kicheko kingi. Alilima mpunga na ndizi kama wanawake wengine wa kijiji, lakini zaidi ya hayo alivua, kwa migono aliyoisuka mwenyewe kwa fito, mitego mirefu kama vikapu ambayo samaki huingia kwa urahisi na kutoka hawezi. Mwanawe, mume wangu, alirithi mkono huo, ila yeye maji ya mto hayakumtosha. Alikuwa akifanya kazi kwenye mashua za Kipini, baharini, na mimi nilibaki na mama yake na mtoto wangu wa kwanza, ambaye alikuwa bado ananyonya.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba mvua za elnino zikaanza, zikakataa kwisha. Watu hudhani mafuriko huja kwa kishindo. Yale yalikuja kimya. Jioni mpunga ulikuwa umesimama vizuri, asubuhi tukaona vichwa vyake tu juu ya maji, na kesho yake hatukuona kitu. Migomba ililala mmoja mmoja. Tulihamia kwenye mwinuko wa mchanga nyuma ya kijiji, kila nyumba na turubai lake au mkeka wake, na tulipogeuka kutazama tulikotoka, kijiji kilikuwa kisiwa cha mapaa. Barabara ya Malindi ilikatika. Mume wangu alikuwa Kipini, sisi huku, na katikati maji matupu.

Siku chache baadaye mwanamke mmoja wa Kiorma alifika kwenye mwinuko wetu akiwa na punda na mabinti wawili wadogo. Mumewe alikuwa amepeleka ng'ombe waliosalia mbali zaidi, kwenye ardhi kavu, na yeye hakuweza kufuata kwa sababu binti mdogo alikuwa hajiwezi kwa homa. Hakuna aliyemkaribisha wala aliyemfukuza. Tulikuwa tumechoka sote. Alichagua mahali, akatua fito na mikeka kutoka mgongoni mwa punda, akaanza kujenga. Kufikia magharibi alikuwa na nyumba ya duara, imefumwa kwa nyasi kama kikapu kilichofunikwa, na usiku ule mvua iliponyesha yetu ilivuja kila pembe, yake haikuvuja hata tone. Alitoka mwenyewe, akaja mpaka kwetu akanyoosha mikono.

"Lete mtoto," akasema. "Kwangu kavu."

Nilimpa. Mwanangu alilala kwake mpaka mvua zilipopungua, na mimi nilikwenda kumnyonyesha huko, tukaanza kuzoeana. Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani kwake wala kwa mama mkwe wangu, na cha kwangu kilikuwa kile cha dukani. Tuliungaunga tukaelewana.

Shida kubwa ya yule mwanamke ilikuwa chakula. Sisi tulipata mahindi ya msaada yaliyoletwa kwa ndege, naye alipata, lakini watoto wake walikuwa wamekua kwa maziwa, na maziwa hayakuwepo. Ugonjwa uliingia kwenye mifugo mwaka ule. Mbuzi waliharibu mimba, ng'ombe walikufa kwa makundi, na redio ikatangaza watu wasichinje wala wasinywe maziwa mabichi. Binti yake mdogo alikuwa akipewa uji wa mahindi akiutazama tu. Homa ilikuwa imekwisha, ila hamu ya kula haikurudi.

Kwetu kitoweo hakikukosekana. Maji yalipofunika mashamba, kambare waliingia shambani kama watu waliofunguliwa mlango wa harusi. Mama mkwe aliitega migono yake pale pale alipokuwa amepanda mpunga, na kila asubuhi ilirudi imejaa. Siku moja alichukua kambare mkubwa akaenda naye mpaka mlangoni kwa jirani yetu. Nilimfuata.

"Mama, sisi samaki hatuli," yule mwanamke alisema, kwa upole.

"Dini inakataza?"

"Dini haikatazi. Sisi tu hatuli. Sisi watu wa ng'ombe." Alimtazama yule kambare, akatafuta namna ya kusema bila kutuudhi. "Huyu kama nyoka."

Mama mkwe alimwinua kambare akamkagua upya. "Kweli amefanana na nyoka," akakubali. "Lakini nyoka hana mchuzi."

Wakacheka wote wawili. Mama mkwe akarudi nyumbani, akamweka kambare kando na kuchagua perege, yule samaki mpana mwenye magamba ambaye hafanani na nyoka hata kidogo. Alimchemsha kwa chumvi na ndimu, bila pilipili, akachuja miiba yote kwa kitambaa, akapeleka mchuzi mtupu kwenye kikombe cha bati.

"Huyu hana sura ya nyoka," akasema. "Mjaribishe mtoto. Akikataa, nitakunywa mimi."

Mama wa mtoto alikishika kikombe muda mrefu. Nilimwona akimtazama binti yake, akinusa, akitazama tena. Hatimaye aliketi, akampakata, akamwekea kikombe mdomoni. Mtoto alimeza funda moja, kisha akashika kikombe kwa mikono yake mwenyewe na kukiinua mpaka kikamfunika uso. Alipokiteremsha alisema neno moja kwa lugha yao.

"Anasema nini?" mama mkwe akauliza.

"Anasema bado." Aligeuka akajifanya anarekebisha mkeka.

Hivyo ndivyo nyumba mbili zilivyoanza kula kutoka chungu kimoja. Mama wa watoto mwenyewe alichelewa. Alipika samaki, akawalisha mabinti, yeye akala ugali na chumvi, mpaka siku aliyoonja kipande cha kambare aliyebanikwa, akasema kwamba kina ladha ya nyama iliyokaushwa, na kwamba mumewe akisikia atacheka mpaka aanguke. Baada ya hapo hakuhitaji kukaribishwa.

Mimi pia nilijifunza wakati ule. Mama mkwe alihitaji mtu wa kushika mtumbwi anapoopoa migono, na wanaume walikuwa wanakimbizana na mabaki ya mashamba. Nilijifunza kumshika kambare nyuma ya kichwa ili miiba yake ya pembeni isinichome, na kumwacha mkunga, yule samaki mrefu mwenye utelezi, ajichokeshe kwanza. Nilimjua kamongo, samaki anayepumua kama sisi, ambaye ziwa likikauka hujizika kwenye tope na kungoja mvua. Nilikuja kupenda ile saa ya asubuhi, maji yametulia, mama mkwe anavuta kamba ya mgono taratibu na kusikiliza uzito wake kabla hajasema kitu. Akitabasamu, nilijua.

Maji yalipoanza kupungua, mume wangu alikuja kwa mashua kupitia njia ya mto. Alikuwa amekonda. Alisimulia kwamba huko Kipini maji mekundu ya Tana yaliingia baharini mbali sana, na kamba walikuwa wengi kuliko alivyowahi kuona, kana kwamba udongo wa mashamba yetu ndio uliowalisha. Mama yake alimsikiliza, akasema, "Basi waambie hao kamba wameshiba mpunga wetu." Kisha akamkumbatia, akamshika mikono asimwachie kwa muda.

Alikaa nasi wiki chache, akajenga nyumba upya, akarudi kazini.

Mto uliporudi njiani mwake uliacha ziwa. Bonde lililokuwa nyuma ya kijiji lilikuwa limejaa, maji yamenaswa humo, na samaki pamoja nayo. Ufuo wake karibu wote ulikuwa matete na tope la kukufika kiunoni. Palikuwa na mahali pamoja tu penye ardhi ngumu, pale Waorma walipokuwa wakinywesha mifugo tangu zamani. Njia kama hiyo ya ng'ombe kufika majini wao huiita malka, na sisi tulianza kuliita lile ziwa kwa jina hilo.

Jirani yetu hakuhama. Mumewe alirudi na ng'ombe wachache waliopona, akakuta mkewe anabanika kambare kwenye uchanja. Nilikuwepo. Hakuanguka kwa kucheka kama alivyotabiriwa. Alisimama akawatazama mabinti zake, jinsi mashavu yao yalivyojaa, kisha akaomba kipande.

Barabara ilipofunguka, ndipo pikapu ilipokuja na watu wenye juya. Sijui wale watu walitoka wapi hasa. Walikuwa na wavu mrefu ajabu, wenye macho madogo kiasi kwamba kidole changu hakikupita. Waliupeleka ziwani kwa mtumbwi, wakauzungusha, wakauvuta kwa kamba pande mbili mpaka nchi kavu, pale malka, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuvutia. Baadhi ya vijana wetu walisaidia kuvuta na kulipwa kwa samaki. Siwalaumu. Tulikuwa tumepoteza mavuno yote.

Lakini nilikiona kilichotoka. Samaki wakubwa walitiwa kwenye matenga na kupakiwa. Waliobaki mchangani walikuwa vifaranga, perege wa urefu wa kucha, wanametameta kama mchele uliomwagika, wamekufa. Mama mkwe alipiga magoti, akawachota kwa viganja viwili, akamwendea mwenye juya.

"Hawa ni wa mwakani," alimwambia. "Mwakani tutakula nini?"

"Mama, maji ni ya Mungu," yule bwana alimjibu, wala si kwa ukali. "Nisipovua mimi atavua mwingine."

Walirudi kesho yake, na kesho kutwa. Mama mkwe alituma salamu Garsen kwa Bwana Samaki, afisa wa serikali aliyesimamia uvuvi, lakini jibu halikuja haraka. Jioni moja alikaa kwa jirani yetu, amejiinamia. Kumwona vile kulinitisha kuliko mafuriko.

Mwenyeji wetu alimimina chai. "Hawa watu wanavuta wavu wapi?" akauliza.

"Si pale malka."

"Malka ya nani?"

Mama mkwe aliinua kichwa. "Ya ng'ombe."

"Basi ng'ombe watakuja," jirani yetu akasema, akageukia mumewe. Walizungumza kwa lugha yao. Yule mume alikuwa mtu wa kufikiri polepole, nami nikaanza kuona tabasamu likimjia polepole vilevile.

Asubuhi pikapu ilipofika, malka ilikuwa imejaa. Walikuwepo ng'ombe wa jirani yetu, ng'ombe wa ndugu zake, mbuzi wa jamaa waliotoka ng'ambo, na punda. Walikuwa wamesimama majini wakipunga mikia. Hakuna aliyeshika fimbo kwa ubaya, hakuna aliyetukana. Wachungaji walikaa kwenye kivuli cha matete wakizungumza. Sisi wanawake tulikuwa kando na ndoo zetu, tumekuja kuchota maji, na tulichota kwa utulivu sana siku ile.

"Toeni ng'ombe tufanye kazi!" mwenye juya aliita.

"Ng'ombe wana kiu," mume wa jirani akajibu.

"Wamekunywa tangu tumefika!"

"Wana kiu sana. Mwaka huu wamepata taabu."

Wenye juya walingoja, wavu ukiwa begani, mpaka jua likawa kali. Walijaribu kuutupa kando ya malka, ukanasa kwenye visiki na matete, wakatumia mchana wote kuunasua. Kesho yake ng'ombe walikuwa na kiu tena. Vijana wetu waliokuwa wakivuta kamba hawakutokea siku hiyo. Mmoja wao nilimwona akiwasaidia wachungaji kumwinua ndama aliyekwama topeni.

Bwana Samaki alifika wakati mambo yako hivyo, kwa baiskeli, suruali ameikunja mpaka magotini, matope mgongoni. Aliomba radhi kwa kuchelewa, akasema njia nyingi zilikuwa bado hazipitiki. Aliukagua wavu, akaingiza kidole, akatikisa kichwa. Aliwaeleza wenye juya kwamba wavu ule hauruhusiwi katika maji yale, kwamba anauchukua, na kwamba wakija na nyavu za macho makubwa waje kwanza waongee na wenyeji. Nilitarajia ugomvi. Labda hata wao walikuwa wamechoka na ng'ombe. Walisaidia kuukunja wenyewe, wakapanda pikapu.

Kisha Bwana Samaki akamgeukia mama mkwe. "Mama, nimeambiwa wewe ndiye unayelijua hili ziwa. Perege wanazalia wapi?"

Tulimpeleka kwa mtumbwi, mimi nikiwa nyuma na kasia. Upande wa mashariki palikuwa na ghuba ndogo, maji yake ni mafupi na meupe, na chini kwenye mchanga tuliona vishimo vya duara, vingi, vimepangika kama sahani. Katika kila kishimo dume moja lilikuwa likizunguka kulinda. Mama mkwe alichukua jike mmoja kwa wavu wa mkono, akamfungua kinywa kwa kidole, na ndani tukaona mayai ya manjano yamejaa.

"Anawabeba mdomoni," Bwana Samaki aliniambia, kwa furaha ya mtu anayeonyesha mtoto wake. "Hali chakula mpaka waanguliwe."

"Hata wakishaanguliwa," mama mkwe akaongeza. "Wakiona kivuli wanarudi mdomoni."

Walizungumza hivyo njia nzima, huyu akitoa lile alilosoma na yule akitoa lile aliloona, wakiulizana na kukatizana kama watu wa kazi moja waliotafutana kwa miaka mingi bila kukutana. Jike yule alirudishwa majini taratibu.

Mkutano ulifanyika kwenye banda la kanisa letu, na Waorma waliingia na kuketi bila wasiwasi. Bwana Samaki alisema ukweli. "Sheria ninayo, lakini mimi nakaa Garsen na baiskeli moja. Ziwa litalindwa na wanaolitazama kila siku." Halafu akaomba wanawake waongee kwanza. Jirani yetu alisimama, akajifunga vizuri mtandio wake, akasema kwa Kiswahili chake kwamba malka ibaki wazi kwa ng'ombe na hapo pasitegwe nyavu, na kwamba wao watakuwa macho ya ziwa kwa sababu mchungaji yupo pale asubuhi na jioni. Mama mkwe akasema ile ghuba ya mazalia ifungwe mpaka mvua nyingine zipite. Wavuvi wakabishana juu ya macho ya nyavu na nafasi za fito kwenye migono, wakakubaliana. Ilichukua mchana kutwa.

Kuishika ile ahadi ndiko kulikokuwa kugumu. Mpunga mpya ulikuwa bado, mahindi ya msaada yalikuwa yanapungua, na samaki kule ghubani tulikuwa tukiwaona wakirukaruka. Watu walinung'unika. Mama mkwe alipita na mtumbwi wake mbali na ghuba kila siku, waziwazi, ili kila mtu amwone anapita mbali. Miezi ile jirani yetu alijifunza kusuka mgono. Vidole vilivyofuma nyumba isiyovuja havikupata taabu na mgono. Wa kwanza ulitoka mzuri kuliko wetu, mama mkwe akauzungusha mkononi, akasema, "Huu nikifa nizikwe nao," na akaomba asukiwe mwingine.

Ghuba ilipofunguliwa, baada ya masika kupita, tulitega jioni na kuopoa asubuhi. Mgono wa kwanza hatukuweza kuuinua mimi na mama mkwe. Ilibidi jirani yetu aruke majini, yeye aliyekuwa akiogopa maji, akausukuma kutoka chini huku akipiga kelele na kucheka. Ndani walikuwamo perege wapana kama viganja viwili. Wadogo tuliwarudisha. Siku ile kila nyumba ilipika, yetu na yao, na moshi wa nyumba zote ulipanda pamoja.

Baadaye yalikuja mambo mengine kati ya watu wetu na watu wao, mabaya, ya ardhi na maji na malisho, na sitaki kuyafunika kwa hadithi ya samaki. Nyumba zilichomwa. Watu tuliowapenda walikufa, pande zote. Lakini siku ya kwanza ya yale mabaya, mtu wa kwanza kufika kwetu kutuuliza kama tuko salama alikuwa yule mama, ametembea njia ya porini na binti yake mkubwa, amebeba maziwa. Alikaa mpaka aliponiona kwa macho yake mimi na watoto wangu wote. Kisha akaondoka haraka, kabla ya giza.

Mama mkwe wangu alifariki kwa uzee, nyumbani, usingizini. Mimi sasa ndiye ninayevua. Nimekuwa mvuvi kwa sababu ya mafuriko, na kwa sababu wanawake wawili walinivumilia nikiwa sijui lolote. Nikiopoa samaki mzuri asubuhi, bado ninashukuru kwa sauti, hata nikiwa peke yangu kwenye mtumbwi. Nashukuru kwa maji yaliyotuharibia yakatulisha. Nashukuru kwa yule aliyesema lete mtoto, kwangu kavu. Wavuvi wa siku hizi wakipita karibu wakinisikia, wananisalimia tu na kuendelea na kazi yao.